Maji ya Februari

Baba yangu huulizia kompyuta yangu kama mtu anayeulizia mgonjwa. "Mto wako umeamkaje leo, mami?" Ananiita mami kwa sababu nimebeba jina la mamake, na hacheki anapouliza. Kwake kuna mito miwili: ule unaopita chini ya daraja, na huu wangu wa mezani, unaokula stima usiku kucha na kunifanya nisahau chai mpaka ipoe.

Nyumbani ni Chaka. Kama umewahi kwenda Nanyuki, umepita hapo. Pengine ulisimama ukala mbuzi, ukanunua viazi kando ya barabara, na kama uliamka mapema ukapiga picha ya mlima kabla mawingu hayajaufunika. Watu wa Nairobi hudhani Nyeri yote ni kijani na majani chai. Sisi wa Kieni tunajua. Tumekaa kati ya Kirinyaga na Aberdare, milima yote miwili inahudumiwa mvua kwanza, sisi tunabaki na makombo. Tulichopewa badala ya mvua ni mito. Thego na Sagana zinashuka kutoka mlimani, zinaingia Tana, zinapita Masinga na mabwawa mengine ya umeme hadi Bahari ya Hindi. Lakini ukifuata lami mpaka Naro Moru, mto unaovuka pale hauna habari na Tana: unaelekea kaskazini, Ewaso Ng'iro, kwa ng'ombe na ngamia wa Samburu na Isiolo. Yaani kati ya Chaka na Naro Moru umevuka mpaka unaoamua tone la mvua litaishia baharini au jangwani, na hakuna hata kibao.

Kwa shahada yangu ya pili nilikuwa natengeneza modeli ya mto mmoja wa upande wetu. Sitasema ni upi. Utaelewa kwa nini.

Programu niliyotumia inaitwa SWAT. Ilitengenezwa Texas, na Jeff Arnold na wenzake wa idara ya kilimo ya Marekani, na leo inatumika karibu kila mahali penye mto na mwanafunzi. Unaipa ramani ya miinuko, udongo, misitu na mashamba, halafu mvua na joto la kila siku. Inakata nchi vipande vipande, na kila siku inauliza kila kipande: imenyesha ngapi? Ngapi imekimbia juu ya ardhi? Ngapi imezama? Ngapi mimea imekunywa? Inajumlisha, inakuambia leo daraja litapita maji kiasi gani.

Shida ni kwamba majibu ya maswali hayo hakuna anayeyajua. Hakuna mtu aliyechimba kila shamba la Kieni kuona maji yanazama kwa kasi gani. Kwa hiyo kuna parameta, namba ambazo unaruhusiwa kuzipandisha na kuzishusha. Moja inasema ardhi inamwaga mvua kiasi gani badala ya kuimeza. Ilitokana na vipimo vya mashamba ya Marekani, ikapanda ndege ikaja huku. Nyingine inasema maji ya chini ya ardhi yanachukua siku ngapi kurudi mtoni. Unazungusha moja, unaendesha modeli, unalinganisha na vipimo halisi vya mto, unazungusha nyingine. Ni kama redio ya zamani ya baba: unatafuta pole pole mpaka kelele ziishe na sauti ya mtu isikike. Kazi hii tunaiita kalibresheni. Siku hizi kompyuta inajizungushia yenyewe. Yangu ilizungusha mara 2,000, na kila asubuhi baba aliuliza habari za mgonjwa.

Niseme kitu kuhusu hivyo vipimo halisi, kwa sababu neno "halisi" lilinidanganya kwa muda mrefu. Mto haupimwi maji yake moja kwa moja. Kuna kibao chenye mistari kilichosimamishwa kando ya maji, na kuna mtu wa kijiji anayeenda asubuhi kusoma kina na kuandika kwenye daftari. Halafu kuna mchoro unaogeuza kina kuwa kiasi cha maji, na mchoro huo ulipatikana siku ambazo wataalamu waliingia mtoni na chombo cha kupima kasi. Mafuriko yakija yakichimba sakafu ya mto, mchoro unaendelea kusema uongo kwa ujasiri uleule. Mvua nayo ni vilevile. Msitu wa mlimani ndio unaopokea mvua nyingi, na ndio wenye vipimo vichache. Tunajaza mapengo kwa setilaiti, kwa data iitwayo CHIRPS, ambayo miraba yake ina upana wa kama kilomita 5. Kwenye mteremko wa Kirinyaga, kilomita 5 si mchezo.

Kwenye rekodi za mto wangu kulikuwa na kiangazi kimoja cha ajabu. Kuanzia Januari hadi Machi, kila asubuhi, mtu alikuwa ameandika namba ileile: 0.42. Hakuna mto unaokaa mita 0.42 kwa miezi mitatu. Nikajua mara moja: msomaji alikaa nyumbani akajaza daftari akinywa uji. Nikaifuta miezi hiyo yote. Kwa lugha yetu huo ni usafi wa data, na kila mtu hufanya.

Alama niliyopata ilikuwa 0.78.

Hiyo ni alama ya Nash na Sutcliffe, ya mwaka 1970. Nash alikuwa Mwairishi. Sutcliffe alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akiuchunguza Nile. Moja kamili maana yake modeli imeuiga mto bila kosa. Sifuri maana yake ungeweza kuacha modeli, ukataja tu wastani wa mto kila siku, ukapata matokeo yaleyale. Chini ya sifuri ni aibu. Kwa mtiririko wa mwezi, watu wengi huona kwamba kupita 0.75 ni vizuri sana. Msimamizi wangu alipoona 0.78 aliandika neno moja: "Hongera." Mama alipika kuku.

Lakini nilikuwa nimeutazama mchoro mrefu mno kiasi cha kutouamini. Mistari miwili, wa buluu ni mto, mwekundu ni modeli. Mvua ya njahi, Aprili na Mei, inakumbatiana vizuri. Mvua ya mwere, vilevile. Kisha inakuja Januari, na mstari mwekundu unabaki juu, umeelea, huku wa buluu ukididimia. Februari pengo linapanuka. Kila mwaka. Modeli yangu iliamini kuna maji mtoni wakati maji hayapo.

Na ile alama haikujali. Inavyofanya kazi, inachukua kosa la kila siku na kulizidisha kwa lenyewe, kwa hiyo siku ya mafuriko inapiga kelele na siku ya ukame inanong'ona. Ukikosea kidogo Aprili unaadhibiwa. Ukikosea Februari yote hakuna anayesikia. Ni alama inayopenda mafuriko. Mtu wa Kieni hapotezi usingizi kwa sababu ya Aprili. Anaupoteza Februari. Kuna dawa: unachukua logi ya mtiririko kabla ya kupiga hesabu, siku ndogo nazo zinapata sauti. Nikafanya hivyo. Ikatoka hasi 0.4.

Nilifunga kompyuta nikaenda kulala.

Hapa Chaka, ukiuliza maji ya Februari yalienda wapi, kila mtu ana jibu. Wazee watakuonyesha mlima: theluji imeisha. Ni kweli kwamba Lewis, barafu kubwa kuliko zote za Kirinyaga, imepoteza karibu yote iliyokuwa nayo ilipopimwa mwaka 1934, lakini barafu ile ni ndogo mno kuulisha mto. Mto hulishwa na msitu na udongo wa juu. Wengine watakuambia ni mikaratusi. Wengine watataja mashamba makubwa ya huko juu. Kila jibu lina parameta yake, na hapo ndipo utamu na hatari ya kazi hii. Keith Beven, profesa wa Lancaster, ameandika kwa miaka mingi kwamba parameta za aina nyingi tofauti zinaweza kukupa alama sawasawa. Ukitaka kulaumu miti, kuna namba ya kusogeza. Ukitaka kulaumu udongo, ipo pia.

Mimi nililaumu kuzimu. Kuna parameta inayosema ni sehemu gani ya maji yanayozama huenda chini kabisa, kwenye miamba, yasirudi tena mtoni. Kwa kawaida modeli huanza na 0.05. Nikapandisha hadi 0.2, mstari mwekundu ukashuka kidogo. Nikapandisha 0.45. Januari ikakaa. Februari ikakaa! Alama ya siku ndogo ikatoka hasi ikafika 0.6. Nikaandika aya nzuri kuhusu miamba ya volkano yenye nyufa. Ilikuwa aya nzuri kweli, ningekuwa mwalimu ningeipa alama.

Siku mbili baadaye, saa nane usiku, nikiwa bado mezani, mlango wa chumba cha wazazi ukafunguka. Baba akapita amevaa koti la mvua, tochi mdomoni, akakaa kwenye stuli kuvaa gamboti.

"Bado hujalala?"

"Namalizia. Unaenda wapi?"

Akaniangalia kama nimeuliza jina lake. "Zamu."

Akatoka. Nikasikia hatua zake kwenye majani, halafu mbwa wa jirani, halafu sauti niliyoisikia utoto wangu wote, koki ya chuma ikifunguliwa na hewa ikitangulia maji kwenye paipu. Fuuuu. Kisha maji. Mbele yangu kwenye skrini kulikuwa na Februari, na maji niliyoyapeleka kuzimu kwa asilimia arobaini na tano.

Sikuwa sijui. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Zamu ya saa nane nimeikuta na nitaiacha. Nimewahi kushika tochi nikiwa darasa la nne. Najua kwamba paipu yetu ya inchi mbili inaanzia mtoni, juu, kwamba tunaitumia pamoja na majirani kwa zamu, kwamba vitunguu vya kiangazi ndivyo vyenye bei kwa sababu wengi hawana maji ya kuvikuza. Najua ada yangu ya chuo, yote, ilitoka kwa vitunguu hivyo. Nilijua haya yote jinsi unavyojua jina lako, na kwa mwaka mzima sikuwahi kufikiri kwamba yana uhusiano wowote na hidrolojia.

SWAT ina mahali pa kuandika maji yanayochotwa. Ni faili dogo, mwezi kwa mwezi, kiasi kinachotolewa kwa siku. Usipoligusa linabaki sifuri. Langu lilikuwa sifuri kutoka Januari hadi Desemba.

Asubuhi nilimwambia baba nataka tupande mto tuhesabu paipu. Alimaliza uji kwanza. "Kuhesabu za nani?"

"Zote."

"Na yetu?"

"Na yetu."

Upande wa pili wa mlima, kwenye mito ya Ewaso Ng'iro, watafiti wa Nanyuki na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bern walishaifanya kazi hii: kutembea kando ya mto kutoka juu hadi chini wakihesabu kila mahali maji yanapotolewa. Ukishajua kinachotolewa, unakirudisha juu ya kile kilichopimwa, unapata mto ungekuwaje bila mtu. Nilikuwa nimesoma ripoti hizo. Nilizitaja ukurasa wa 12 wa tasnifu yangu. Ukurasa wa 31 nikaandika habari za nyufa.

Kabla ya saa sita mchana tulikuwa tumefikisha 17, na hatukuwa tumefika msituni. Nyingi za inchi moja na nusu na mbili, zimefungwa kwa mpira wa tairi, nyingine zimefunikwa mawe. Moja ilikuwa ya inchi sita. Baba alizijua zote. Hii ni ya kanisa. Hii ni ya mjane fulani, usiiandike. Hii ya yule aliyekuwa chifu. Hakuna hata moja aliyoitaja kama wizi, ingawa Sheria ya Maji ya 2016 ingemtaka kila mmoja awe na kibali. Kwake zote zilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa na sura ya mtu.

Tukishuka tulipita kwa mzee aliyekuwa akisoma kile kibao miaka ile. Baba ndiye aliyejua nyumba. Nilimwamkia, akanipa stuli, na baada ya chai nikamwuliza, kwa heshima nyingi, kuhusu 0.42.

Alikumbuka. "Huo mwaka mto ulishuka chini ya kibao, msichana wangu. Maji yalikuwa huko katikati kwenye mawe, kibao kimesimama kwenye mchanga. Daftari lina mahali pa namba tu. Halina mahali pa kuandika hakuna. Nikaandika mstari wa chini kabisa." Akanyamaza kidogo. "Lakini nilienda kila siku. Hiyo waambie."

Mimi ndiye niliyeifuta ile miezi.

Usiku huo tulipima ya kwetu. Ukitaka kupima paipu huhitaji Texas. Unahitaji ndoo na saa. Baba alishika ndoo ya lita 20, mimi nikashika simu. Ilijaa kwa sekunde 8. Tukarudia, 8 tena. Lita mbili na nusu kila sekunde. Kutoka saa nane hadi saa kumi na mbili asubuhi, lita 36,000.

"Andika kumi," baba akasema gizani.

"Ni nane, Baba."

"Kumi ingekuumiza nini?"

Niliandika nane. Tulirudi nyumbani bila kuongea.

Nilirudisha parameta ya kuzimu kwenye 0.05, nikajaza lile faili miezi yote, nikairudisha miezi ya mzee nikiwa nimeandika kwamba mto ulikuwa chini ya 0.42, si sawa na 0.42. Kompyuta ikazunguka tena usiku mbili. Alama kubwa ilishuka, kutoka 0.78 hadi 0.74. Ya siku ndogo ikatoka 0.63. Kwa karatasi, nilikuwa nimefanya kazi ya miezi mitatu ili nipate karibu alama zilezile. Tofauti ni kwamba modeli ya kwanza ingekuambia Februari ni kazi ya Mungu, haina la kufanywa.

Msimamizi alifurahi, kisha akaomba jambo la busara kabisa: ramani, kila paipu na nukta yake. Niliyo nayo iko kwenye daftari. Nilimpa jumla tu, mwezi kwa mwezi, kwa bonde zima. Aliuliza mara mbili. Najua kuna watakaoniita mwoga, na wengine watasema hiyo si sayansi, na sina jibu zuri. Nukta moja ya ramani hiyo ni ada yangu. Nyingine ni ya yule mjane.

Baba aliomba kuona kabla watu wengine hawajaona. Nilimwonyesha Februari mbili, moja ikiwa na sisi na moja bila sisi. Alivaa miwani, akasogea.

"Hapa ndipo tulipo?"

"Hapo kati ya mistari."

"Na ukitutoa, haya maji yanafika kwa nani?"

Nikamwambia. Mashamba ya chini ya daraja, kisha Sagana, kisha Tana. Alitikisa kichwa polepole. "Na vitunguu?"

Huwezi kuamini, lakini vitunguu vimo. SWAT ina orodha ya mimea na kitunguu kina msimbo wake, ONIO. Unaweza kukipanda, ukakinyima maji, ukaona mavuno yakishuka. Sikumwonyesha hiyo.

Mkutano wa watumiaji maji ulikuwa Jumamosi, kwenye ukumbi wa kanisa. Nilieleza kwa Kiswahili na Kikuyu, mistari ikiwa imechorwa kwenye karatasi kubwa ya manila kwa sababu stima ilikuwa imepotea. Mwanamke mmoja wa kutoka chini ya daraja alisimama. Hakupiga kelele. Alisema Februari wao huchota na kopo, wanangoja kijishimo kijae, wanachota tena. Kisha akauliza: "Hiyo kompyuta yako inajua ni akina nani?"

Daftari lilikuwa kwenye mkoba, miguuni. Baba alikuwa safu ya tatu.

"Modeli haijui majina," nikasema. Ilikuwa kweli, na yeye aliona vizuri kwamba sikuwa nimemjibu.

Walikubaliana kwamba kuanzia Januari koki zifungwe usiku mbili kwa wiki, zote, bila kutaja za nani. Wengine walicheka kwa nyuma. Tulitembea kurudi nyumbani, mimi na baba, karatasi ya manila nimeikunja kwapani. Tulipofika kwenye lango alisimama akitafuta funguo kwenye mifuko yote ya koti.

"Ile namba ya ndoo," akasema. "Bado ni nane?"

"Bado ni nane."

Akafungua.